Uliza mzigo wako utainuliwa mara ngapi

Kasha la mbao lilikuwa na urefu wa mita 6, upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 2.7. Ndani mlikuwa na mashine ya kufyatulia matofali, tani 9, iliyonunuliwa na mama mmoja wa Kisauni kwa pesa za chama na mkopo juu yake. Nauli aliipigia hesabu ya tani 9. Bili ilipofika ilikuwa ya tani 42. Akanipigia simu usiku: "Mwanangu, hawa watu wamenizidishia, ama ni mimi nisiyejua kusoma?"

Hawakumzidishia. Mzigo unaosafiri bila kontena hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kile kilicho kikubwa, na mita moja ya ujazo huhesabiwa kama tani moja. Zidisha vile vipimo vitatu, utapata 42 na kidogo. Nafasi kubwa kwenye kasha ilikuwa hewa, na mama aliilipia ile hewa kutoka Asia hadi bandari ya Kilindini.

Nafanya kazi ya kliaringi Mombasa, yaani kuwatolea watu mizigo yao bandarini, na naandika haya kwa sababu wanaoagiza mashine, vyuma na mitambo mikubwa wanazidi kuongezeka, na wengi wanaijua bandari kupitia kontena tu. Ukipanda feri ya Likoni, ikasimama kupisha meli inayoingia, itazame ile meli vizuri. Pengine imebeba makontena na inakwenda zake Kipevu, kwenye magati ya makontena. Pengine ni ile ndefu isiyo na dirisha, imejaa magari. Pengine ina winchi zake yenyewe juu ya sitaha, na tumboni mna mbolea, ngano, koili za chuma na makasha kama la yule mama. Hii ya mwisho ndiyo ninayoizungumzia.

Upande wa Kilindini magati namba 1 hadi 10 ndiyo ya shehena mchanganyiko, yaani mizigo isiyokuja ndani ya kontena, na ni ya zamani kuliko ya makontena. Gati la 3 lina mitambo ya kushusha nafaka tangu 2000, inapeleka ngano moja kwa moja kwenye maghala. Lakini sehemu kubwa ya magati haya hayana mzigo wao maalumu. Leo chuma, kesho magari, keshokutwa mbolea. Vichwa vya treni ya SGR vilishuka Mombasa, na mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana ilipitia hapa hapa kabla ya kuanza safari ya barabara. Nchi isiyo na magati ya aina hii haijengi kitu kikubwa, na hunisikitisha kusikia watu wakiyaita mabaki ya zamani.

Ila gati la kila kitu lina tabia moja ambayo mwenye mzigo lazima aijue. Meli inayofuata italeta kitu kingine kabisa, kinachotaka vifaa vingine na nafasi nyingine. Kasha lako likichelewa, litasogezwa kupisha. Na kusogezwa ni kuinuliwa.

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo. Kabla hujauliza nauli, hesabu mzigo utainuliwa mara ngapi. Kasha la mama: kiwandani hadi lori, lori hadi gati la kule, gati hadi tumbo la meli, tumbo hadi gati la Kilindini, gati hadi yadi, yadi hadi lori, lori hadi Kisauni. Mara saba, na ya nane lilipopisha vyuma vya mtu mwingine, kwa sababu cheti cha ubora kilikuwa hakijakamilika. Kila mara ni kundi jipya la wafanyakazi ambao hawajui ndani mna nini. Ndani ya kontena mashine yenyewe haiguswi. Linalonyanyuliwa ni kontena, tena kwa pembe zake nne zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye meli ya magari mzigo wenye magurudumu, au uliofungwa juu ya trela la chini, unaingia na kutoka kwa kuvutwa, hauinuliwi na winchi. Watu wengi hawajui kwamba meli zile hupokea mashine pia. Uliza bei ya huko. Nauli inaweza kuonekana kubwa, lakini linganisha na hatari uliyoiondoa.

Muulize muuzaji swali hili pia: ni sehemu gani za mashine zinazoweza kufunguliwa ili ipite mlango wa kontena? Mlango wa kontena la kawaida una upana wa mita 2.34 hivi na kimo cha mita 2.28 hivi. Muuzaji atakuambia mashine haiingii, na kwake ni kweli, maana kuifungua ni kazi ya mafundi wake ya siku nzima. Mlipe hiyo siku. Ikishindikana, kuna kontena lisilo na paa na lile lisilo na kuta za ubavuni, na hayo yatashukia kwa wenzake kwenye magati ya makontena.

Kama lazima uje na kasha, basi litiwe alama pande zote: mahali pa kupitishia mikanda, na mahali uzito ulipoegemea, maana injini hukaa upande mmoja. La mama halikuwa na alama hata moja. Waya ulipita katikati, kasha likainama, na ubao ukabana kifuniko cha giaboksi.

Sasa nisemalo hapa linaniuma. Karatasi ya kupokea mzigo niliitia saini mimi. Ilikuwa jioni, lori linasubiri, niliona ubao mmoja umepasuka nikasema ni ubao tu. Sikuandika neno. Kifuniko cha giaboksi kilikutwa na ufa wiki moja baadaye, na kila tuliyemwendea alitoa karatasi ile ile yenye saini yangu safi. Kanuni za Hague, zile za kimataifa za mizigo ya baharini ambazo hati nyingi za shehena huzifuata, zinataka uharibifu unaoonekana uandikwe wakati wa kupokea, na uliofichika utolewe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3. Kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Ukikaa kimya, huhesabiwa kwamba mzigo ulifika mzima, na wewe ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Tangu siku ile sipokei kasha bila kulizunguka na kulipiga picha, na ubao uliopasuka naandika "ubao umepasuka" hata dereva apige honi mpaka magharibi.

Kwenye mkataba wa nauli tafuta herufi FIO. Zinamaanisha kwamba meli hailipii kupakia wala kupakua, na anayepakua Mombasa kwa kawaida ni wewe. Nauli ndogo ya kushangaza mara nyingi ina herufi hizo mahali fulani chini.

Mbao za kasha nazo ziwe na mhuri wa ISPM 15, unaoonyesha zimetibiwa dhidi ya wadudu. Ukaguzi huo ni wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na mbao zisizo na mhuri zinaweza kukuzuilia mashine nzima.

Wanaoleta mchele, sukari au mbolea ya magunia, angalieni kalenda. Masika yakishika, Aprili na Mei, tumbo la meli hufungwa kila mvua inaposhuka, na magenge ya makuli yanakaa chini ya shedi yakisubiri. Meli ya kumaliza kwa siku chache inakaa zaidi, na iliyo nyuma yake inatia nanga nje. Mzigo unaofika Februari hauna mashaka hayo.

Halafu barabara. Lori zima na mzigo wake lisizidi tani 56, na Mariakani mizani inawasubiri. Mzigo uliozidi upana unataka kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na kibali kiombwe meli ikiwa bado baharini. Kasha likishasimama gatini bila kibali, gharama ya kulihifadhi huanza kukimbia na hatari ya kusogezwa inarudi.

Mama wa Kisauni alitengenezesha giaboksi kwa fundi wa Changamwe, mchango nikautoa mimi. Mwaka jana aliagiza mashine ya pili. Kabla sijamuuliza lolote alinitumia picha kutoka kiwandani, futi ya kupimia imelazwa juu ya kasha: mita 2.15. Chini yake akaandika, "Nimewalipa siku moja wamefungua hopa na mikono." Ikaja ndani ya kontena.