Jibu: Damu ya mzazi, tuipime au tuikadirie kwa macho?

Dada, umeuliza kama sisi wa Bukavu tuendelee kukadiria kwa macho damu ya mama aliyetoka kujifungua. Hapana, tuache. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa makadirio hukosa karibu nusu ya wanaovuja sana. Walipotumia mfuko wa plastiki wa kukingia damu wenye alama za vipimo na kuanza matibabu yote kwa pamoja (kukanda mji wa mimba, oksitosini inayoukaza mji huo, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, maji ya mshipani, kukagua njia ya uzazi), visa vizito vya kuvuja damu vilipungua kwa 60%. Hata kabla ya mifuko kufika kwetu, tusingoje dawa moja ishindwe ndipo tujaribu nyingine! Na oksitosini ikae kwenye friji, joto huipunguza nguvu.