Bi Wakili Anakujibu: "Hakuna Matata" ni mali ya nani?

SWALI: Shikamoo Bi Wakili. Nina duka la fulana Mji Mkongwe, Unguja. Zinazotoka kuliko zote ni zile zenye maandishi "Hakuna Matata". Sasa mteja aliyeko Marekani anataka fulana mia, lakini jirani yangu ananiambia maneno hayo yamesajiliwa na Disney, nitafungwa. Vipi maneno yetu yawe na mwenyewe ughaibuni?
– Muuza fulana, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Hufungwi, na hapo dukani endelea kuuza. Ila jirani yako hakusema uongo. Disney iliomba kuyasajili maneno hayo kuwa alama yake ya biashara Marekani mwaka 1994, mwaka ule ule ilipotoa filamu yake ya simba, na mwaka 2003 ikasajiliwa kwa ajili ya fulana. Wengi wetu tulizinduka 2018, pale Mzimbabwe Shelton Mpala alipokusanya saini mtandaoni kuipinga. Kampuni ikajibu kwamba usajili haumzuii mtu kuyatumia maneno hayo.

Kwa kuyatamka, sawa. Alama ya biashara hulinda bidhaa fulani katika nchi fulani, kwa hiyo usajili wa Marekani haufiki Darajani hapo Unguja. Lakini mzigo wako ni fulana, na unakwenda Marekani. Usiutume kabla wakili wa huko hajautazama. Ukizuiwa, hasara ni yako na mteja wako.

Jambo hili linaniuma. Mama yangu alitusomesha kwa kuuza vikoi Mombasa, na mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina "Kikoy" nchini kwao. Yaani mfumaji wa pwani akipeleka kikoi London, aogope kukiita kikoi! Watu walipiga kelele sana, na walikuwa na haki, lakini kilicholiua ombi lile ni pingamizi la kisheria lililowahi, Wakenya wakisaidiwa na shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza.

Kuwahi ndiko kunakotushinda. Ombi likishatangazwa, Marekani unapewa siku 30 za kupinga, Uingereza miezi 2, Kenya na Tanzania Bara siku 60. Nani kwetu anayasoma matangazo hayo? Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016, hatua njema, ila nguvu yake inaishia mpakani. Wizara zetu za utamaduni ziajiri watu wa kusoma matangazo ya nje kila wiki. Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka.

Nawe usajili jina lako. Tazama ukingoni mwa kanga za Mombasa: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Kaderdina Hajee Essak hawakudai kanga ni yao; walitia alama ya duka lao, na wengine wakaendelea kuuza kanga zao. Buni jina na mchoro wako, kisha nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali hapo Zanzibar. Ukitaka kuuza Dar es Salaam pia, utasajili upya BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, maana daftari la Bara ni jingine. Kwa Marekani, wakili yule yule akutafutie kwanza kama kuna aliyekutangulia kwa jina hilo. Pakiwa wazi, mchapie mteja wako fulana mia zenye jina la duka lako.