Mudogo wangu, usiipeleke hiyo karatasi: jibu kwa anayetaka kusoma sheria Lubumbashi

Acha kwanza habari ya barua. Umeuliza mambo manne: uandike vipi barua ya kuombea bursa, yaani pesa ya masomo, ili waone kwamba maisha ya wazazi wako Waangola ndiyo yaliyokusukuma kwenye sheria, bora Unilu, chuo kikuu cha serikali cha Lubumbashi, au chuo cha binafsi, avoka (wakili) au jaji, na sitaji, yale mazoezi ya kazi baada ya diploma, inalipa au hailipi. Hapo juu watu wamekujibu vizuri, wengine karibu waimbe. Hakuna hata mmoja aliyesimama kwenye kale kamstari kako ka katikati: "karatasi si shida, papa mdogo ameshanitengenezea atestasio ya kuzaliwa kwa jina la rafiki yake Mkongomani." Nimekasoma, bukari yangu ikapoa kwenye sahani. Karatasi ni shida, mudogo wangu. Hayo mengine yote ni mapambo.

Mimi ni mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Papa na Mama walipitia Dilolo, mpakani, wakikimbia ile vita ya Angola iliyoanza 1975 ikaisha 2002. Papa alikuwa na Kichokwe na Kireno. Kifaransa kilimpita kando. Kwa hiyo tangu nikiwa shule ya msingi mimi ndiye nilikuwa mdomo wake: komini (ofisi ya mtaa), hospitali, kwa polisi wa barabarani, kwa mwenye nyumba. Huyo mwenye nyumba alitaka garanti, ile pesa ya kuweka kabla ya kuingia, ya miezi sita wakati mkataba wake mwenyewe unasema mitatu. Nikausoma mstari ule kwa sauti, kidole juu ya karatasi, mzee akanyamaza. Jioni hiyo Papa akaniita "metre" mbele ya majirani, kama wanavyoitwa mawakili. Basi, kazi nyingine zote zilikufa kichwani mwangu siku hiyo. Ya kwako yakifanana na hayo, yaandike hivyo hivyo, bila kuyapaka rangi. Swali la kwanza limekwisha.

Sasa tuongee.

Nilipomaliza Egzeta, mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari, sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa huku huku Lubumbashi, lakini Papa hakunitangaza komini, aliogopa wataanza kumchambua yeye. Akatokea bwana mmoja. Alikuwa anakaa chini ya mwembe karibu na ofisi fulani, koti juu ya jua lote lile, mfuko wa ngozi, mihuri mingi kuliko ya ofisi yenyewe. Naye walimwita metre. Miaka baadaye nilitafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili: halipo, halikuwahi kuwapo. Lakini ulimi alikuwa nao. Alimwambia Papa: "Wachokwe wako Angola, wako Kongo, wako Zambia. Mpaka walichora Wazungu. Huyu mtoto ni Mkongomani wa asili!" Papa akatabasamu kama amerudishiwa ng'ombe.

Na ubaya ni kwamba maneno yake hayakuwa ya bure kabisa. Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inasema Mkongomani wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake ndivyo vilivyofanya Kongo wakati wa uhuru. Hoja ya Wachokwe wa pande mbili, avoka wa kweli anaweza kwenda kuibishania mbele ya jaji. Huyu hakuibishania popote. Alichukua dola za Papa, akaleta atestasio inayosema mimi ni mtoto wa mtu wa mji wa Kasaji ambaye sijawahi kumuona kwa macho, na postnomu (jina la pili) mpya juu yake. Kama kabila lilitosha, baba mpya alikuwa wa nini? Hakuna aliyeuliza. Hata mimi, mjanja wa mikataba! Mwenye nyumba nilimkamata kwa miezi mitatu ya garanti, huyu akaniuzia baba mzima nikasema asante.

Fakilte, kitivo cha sheria, waliipokea. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali: wataipokea na ya kwako. Hakuna atakayekuuliza kitu, utalipa minervali, ile ada ya chuo, utaingia oditoriamu, utafikiri papa mdogo ni mtu wa akili. Jina la kununua likaingia kwenye rejista, kwenye kadi, kwenye pointi za kila mwaka, mwisho likaingia kwenye diploma. Katikati ya hayo yote profesa akatufundisha kosa la kughushi maandishi: miezi sita mpaka miaka mitano ya kifungo, na anayeitumia karatasi ya uongo akijua anahesabiwa kama aliyeitengeneza. Niliandika noti zile kwa mwandiko mzuri sana. Wenzangu waliziomba wanakili.

Halafu nikataka kuingia baro, chama cha mawakili. Sheria inayopanga kazi ya avoka ni ya 28 Septemba 1979, nayo inataka uwe Mkongomani, au mgeni ambaye nchi yake inawapokea Wakongomani vilevile, na juu ya hayo uwe mtu ambaye hakufanya mambo kinyume cha uaminifu. Faili langu likawa na diploma ya serikali, ile ya Egzeta, yenye jina la Papa, na diploma ya sheria yenye jina la yule wa Kasaji. Aliyelipokea aliziweka mbili zile pamoja mezani. Hakunifokea. Aliuliza tu: "Kati ya hawa wawili, nani atakuja kula kiapo?" Nikaomba faili langu, nikatoka.

Ulifikiri hapo ndipo palipouma? Hapana. Papa alifariki. Akaacha parsele, yaani kiwanja, ya Katuba aliyoilipa kidogo kidogo miaka yote. Kode ya Familia, kitabu cha sheria za familia, inawaweka watoto wa marehemu mbele kabisa katika urithi. Ndugu za marehemu wanakuja nyuma yao. Ndugu mmoja wa Papa, wa mama mwingine, aliitaka parsele. Mimi nikasimama kumsemea Mama, suti, sheria zote kichwani, vifungu vinanitoka kama sala. Yule mzee hakubishana na kifungu hata kimoja. Alitoa nakala ya atestasio yangu, akampa aliyekuwa anatusikiliza. "Huyu ni mtoto wa nani? Someni wenyewe." Wadogo zangu nao hawakuwa wameandikishwa popote. Kwenye karatasi, Papa alikuwa amekufa bila mtoto. Tuliishia kupatana, na nusu ya parsele ikaenda, ule upande wenye kisima. Mama mpaka leo ananunua maji kwa shemeji yake.

Kwa hiyo yule aliyekuandikia hapo juu "kila mtu anafanya hivyo, usiogope" namuomba aje anisaidie kubeba bidoni za maji. Na papa mdogo wako, kwa heshima zote, yeye ataapa wapi? Atarithi nini? Hana atakachopoteza, ndiyo maana yuko na ujasiri. Yule metre wa mwembe nasikia bado yuko, kabadilisha mwembe tu. Mimi niko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, deklaranti wa forodha, najaza karatasi za malori. Diploma ya sheria ninayo ukutani, ni ya mtu ambaye hakuzaliwa. Karatasi za malori nazisoma mara tatu tatu, madereva wananichukia.

Shika neno moja tu: jina la baba yako aliyekuzaa, fasi zote, kuanzia karatasi ya kwanza. Hata kama ni jina la Kireno ambalo mtu wa etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi, atalikosea mara mbili. Mwambie alifute, aandike tena.

Na njia ya kweli ipo. Mimi hakuna aliyenionyesha. Kila mtoto anayezaliwa kwenye ardhi ya Kongo anatakiwa kutangazwa etasivili, wazazi wawe Wakongomani au wageni. Hilo halikufanyi raia, linasema tu umezaliwa wapi na nani. Muda ni siku 90. Umepita, basi mnaomba hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti, ile watu wanaita sipletifu. Mpeleke Papa wako mwenyewe, na mtu aliyekuwapo ulipozaliwa, mama jirani, mkunga, yeyote anayeweza kusimama na kusema.

Ukishatimiza miaka 18, sheria ile ile ya 2004 inamfungulia mlango mtoto aliyezaliwa Kongo na wazazi wageni: unaandika kwamba unautaka uraia, unaonyesha kwamba makao yako ya kudumu ni hapa. Andiko linakuwa nakala mbili, sahihi yako imethibitishwa, na ndani yake unaahidi kuacha uraia mwingine wowote, kwa sababu uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Katiba inasema hivyo kifungu cha 10. Linakwenda kwa Waziri wa Sheria, kwa barua ya kusajiliwa au kupelekwa kwa mkono. Ukipeleka kwa mkono, usiondoke bila resepise, karatasi ya kuonyesha wamepokea. Usiondoke! Hata wakisema mashine ya fotokopi imekufa, kaa.

Buletini za shule toka darasa la kwanza ziweke pamoja, hizo ndizo zinaonyesha ulikuwa hapa. Kadi ya zamani ya ukimbizi ya wazazi isitupwe. Hali ya ukimbizi kwa Waangola ilifungwa 30 Juni 2012, kwa hiyo haiwapi kitu tena kama wakimbizi, lakini bado inaonyesha waliingia kama nani na waliandikwa kwa majina gani. Ya Papa yangu tulifungia karanga, nakuapia.

Itachukua muda. Pengine utaanza fakilte ukiwa bado umeandikishwa kama mgeni, na watu watakuangalia. Waache waangalie. Lubumbashi ya 1910 ni mji wa waliokuja: Union Minière, kampuni ya migodi, ilichukua watu Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Ruanda-Urundi, kila fasi. Anayekucheka, muulize babu yake alishukia stesheni gani. Na uraia wa kupewa hautakufanya rais, kifungu cha 72 cha Katiba kinataka wa asili, ila ukiniuliza mimi hiyo ni baraka.

Avoka au jaji ulisema? Vyote viwili vitakuuliza uraia, jaji zaidi. Sitaji ya avoka ni miaka miwili, habari ya pesa yake waulize walioipita, mimi sikufika. Hicho chuo cha binafsi nimesahau ulitaja kipi.

Uliandika kwamba sekretaria ya fakilte wanapokea mafaili kuanzia Jumatatu. Nijibu leo: hiyo atestasio bado iko nyumbani, au umeshaiacha huko? Kama umeiacha, usirudi peke yako kuidai. Tafuta avoka ambaye jina lake liko kwenye orodha ya baro, kisha ndiyo muende.