Spea usiyoweza kuifunga mwenyewe iache dukani

Wiki hii dada mmoja wa Moshi ameniandikia. Anakwenda Ziwa Natron na mumewe, watoto na shemeji yake, kisha wanataka kupanda ukuta wa bonde la ufa mpaka Wasso, Loliondo, na kutokea Serengeti kwa lango la Klein's. Gari lao ni Prado. Ombi lake lilikuwa fupi: "Kaka, nitumie ile orodha yako ya spea na vifaa, nikanunue vyote kabla ya Ijumaa." Nilimjibu kwamba orodha yangu haitamfaa, nikahisi amevunjika moyo. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, kwa kuwa ombi hilo hunijia kila kiangazi kinapoanza, na wengi wenu mnaosoma hapa mna hamu hiyohiyo ya kufika mahali ambapo basi halifiki.

Njia yenyewe tuitazame kwanza. Ukiacha lami pale Mto wa Mbu ukashika kaskazini, una zaidi ya kilomita 100 mpaka Ngare Sero, kijiji kilicho jirani na Ziwa Natron. Unapita Selela, unapita Engaruka, halafu ni tambarare, makorongo yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na majivu ya Ol Doinyo Lengai. Mlima ule una mita 2,962 na ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Majivu yake ni laini mno, yanapita kwenye mpira wa mlango na kujaza filta ya hewa. Katikati ya hayo barabara ina mawimbi kama bati la paa, na mtikisiko wake ndio unaoua magari kuliko mawe. Shokapu zinachemka mpaka zinalegea, nati zinajifungua taratibu bila wewe kusikia, waya zinasuguana na chuma mpaka zinachunika. Sehemu nyingi simu haishiki.

Mwezi uliopita nilikuwa huko na wageni, na Land Cruiser yangu ya injini ya dizeli ya 1HZ. Tumeshapita Engaruka, nikasikia kishindo nyuma, kisha gari likaanza kutembea upande. Usukani umenyooka, gari linavuta kulia. Nikashuka. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limerudi nyuma mpaka linakaribia kugusa bodi. Sikuhitaji kulala chini kujua. Senta bolti imekatika.

Kwa wasioijua, senta bolti ni ile boliti moja nyembamba inayopita katikati ya majani yote ya springi, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kuyashika pamoja. Kichwa chake kinakaa kwenye tundu la kikalio cha ekseli, ndicho kinachozuia ekseli isiteleze mbele wala nyuma. Kazi ya kubana springi na ekseli inafanywa na yu-bolti, boliti zilizopindwa kama herufi U. Yu-bolti zikilegea kwa mtikisiko, ekseli inaanza kucheza, na boliti ile nyembamba inabebeshwa kazi isiyo yake mpaka inakatika kama ilivyokatika yangu.

Tulipiga jiwe kubwa mbele na nyuma ya kila tairi lililobaki chini. Jeki ya kwanza niliiweka kwenye chesesi, nikainua mpaka springi ikaachia uzito. Jeki ya pili nikaishikilia ekseli. Tairi nililolivua nikalisukuma chini ya chesesi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na si mtu. Hilo silifanyi hiari hata siku moja. Kisha nikazigeukia nati nne za yu-bolti.

Hapo ndipo wengi wanapokwamia, na hapo ndipo ninapotaka msome polepole. Yu-bolti ina meno marefu yanayotokeza nje ya nati. Soketi ya kawaida, hata iwe ya saizi sahihi, inagonga ncha ya boliti kabla haijaishika nati. Unahitaji soketi ndefu. Spana ya ringi inaingia, lakini nati imeliwa na matope makavu na kutu, utaizungusha robo kwa robo mpaka jua lizame. Soketi ndefu ilikuwepo kwenye boksi langu kwa sababu moja tu: nilishawahi kuzifungua nati hizo uani kwangu Arusha, kwa vifaa vilevile nilivyovibeba, na uani ndiko nilikogundua kwamba ya kawaida haifiki.

Yu-bolti zilipotoka, niliyabana majani kwa klampu mbili, nikakitoa kipande cha boliti kilichonasa kwa panchi na nyundo, nikaingiza mpya, nikakaza, nikakata kilichozidi kwa msumeno wa chuma. Morani wawili waliokuwa wanachunga jirani walikuja kunisaidia kuivuta ekseli kwa mkanda wa kufungia mizigo, milimita kwa milimita, mpaka kichwa cha boliti kikaingia tunduni. Ule mlio mdogo wa chuma kuingia mahali pake naupenda kuliko muziki wowote. Nikafunga nati kwa kupishanisha, kulia juu, kushoto chini, nikashusha gari. Wageni walikuwa chini ya mgunga wakinywa chai. Tulifika Ngare Sero jua bado liko juu, na asubuhi yake nikazirudia nati zote nne, maana yu-bolti zilizofungwa upya hulegea tena baada ya mwendo.

Nasema wazi kwamba nilijivuna, na nina sababu ya kujivuna.

Mwaka 2011, wale mliokuwa Arusha mnakumbuka, nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Magari ya kila aina yaliingia njia ile, hata madogo yasiyojua vumbi. Mimi nilikuwa dereva wa kuajiriwa. Kabla ya kuondoka nilimwonyesha mwenye gari feni belti zilizoanza kupasuka kwa ndani, nikamwomba jozi mpya. Injini ya 1HZ inatumia belti mbili pacha, na zinabadilishwa zote kwa pamoja, kwa sababu iliyotumika huwa imeshavutika na mpya itabeba kazi peke yake. Alininunulia moja. Tena ndefu kuliko inavyotakiwa.

Belti zilikatika baada ya kupanda ule ukuta, gari limejaa wagonjwa. Bila belti hakuna feni, pampu ya maji haizunguki, betri haichajiwi. Niliifunga ile ndefu, nikaivuta alteneta, ile inayochaji betri, mpaka mwisho wa nafasi yake, bado ikawa inateleza. Tulitembea kipande, tukasimama injini ipoe, tukatembea kipande. Mama mmoja mgonjwa alikuwa ananiombea kwa sauti njia nzima. Nilipolirudisha gari Arusha likiwa zima, mwenye gari alinikata mshahara kwa kuchelewa, akasema mbele ya madereva wenzangu kwamba sijui kazi. Maneno yale bado yanauma. Enyi wenye magari, dereva akikuomba belti anaomba kwa niaba ya roho za watu ulizompakia. Usimhesabie bei ya belti. Hesabu umbali wa kutoka Sonjo, eneo lenye Samunge, mpaka duka la spea lililo karibu, uone kipi ghali.

Tangu hapo, kabla ya kuondoka nafunga belti mpya kwenye injini, na zile nilizozivua zikiwa bado nzima ndizo ninazobeba kama akiba. Nafanya hivyo kwa sababu zimeshafanya kazi kwenye gari hili, najua zinaenea. Belti mpya ndani ya karatasi ya duka ni ahadi tu. Mipira ya rejeta naifanyia vivyo hivyo, pamoja na klipsi zake.

Naomba basi mnielewe ninaposema orodha ni mali ya gari, si mali ya mtandao. Chukua mfano wa beringi za mbele. Nakutana na watu wengi barabarani wamebeba beringi mpya, grisi, hata sili, na wanajivunia. Nawauliza soketi ya 54 iko wapi. Nati ya habu ya Land Cruiser, yaani ya kitovu cha tairi kinachokaa beringi, haifunguki kwa spana ya kawaida, inataka soketi ya milimita 54. Bila hiyo watu wanaipiga kwa patasi na nyundo, wanaharibu meno, na beringi mpya inabaki kwenye karatasi yake. Spea bila kifaa chake ni mzigo, na kifaa bila mkono uliokwisha kukitumia nacho ni mzigo.

Au matairi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kabla ya 1999 zina nati sita kwa kila tairi, zilizofuata zina tano. Mkitoka magari mawili, mmoja na la zamani mwingine na jipya, msidanganyane kwamba mna spea mbili za kuazimana. Lifunge tairi la mwenzako kwenye gari lako kabla ya safari. Likikataa uani, litakataa Natron.

Kuhusu upepo wa matairi nitasema kwa ufupi: kwenye mawimbi nashusha mpaka kati ya psi 25 na 28, kwenye mchanga mzito mpaka 18, na mwendo naushusha pia. Ukishusha lazima uwe na pampu ya kurudishia, inayofungwa moja kwa moja kwenye betri. Zile za kuchomeka kwenye tundu la sigara zinaunguza fyuzi pale unapozihitaji.

Uzito ni jambo ambalo watu hawataki kulisikia. Ukiweka juu ya keria tairi mbili, madumu ya dizeli na boksi la vyuma, umeinunua ile senta bolti itakayokatika. Vyuma vizito vikae chini, katikati ya ekseli mbili, vimefungwa visicheze. Mimi kila spana naizungushia kipande cha tyubu kuukuu. Dumu la oili lililokaa karibu na jeki bila kufungwa hutobolewa na mtikisiko, na utaijua harufu kabla hujauona uharibifu.

Vitu vidogo vimeniokoa kuliko vikubwa. Injini ya 1HZ haihitaji umeme mwingi ikishawaka, ila juu ya pampu ya dizeli kuna kifaa kidogo cha umeme kinachofungulia mafuta. Waya wake ukichomoka au ukikatika, injini inazima papo hapo na stata inazunguka bure. Nimewakuta watu Engaruka wamefungua nozo zote za kupulizia dizeli kwenye injini, dizeli imemwagika kila mahali, kumbe ni waya. Nilitoa waya wangu mrefu wenye klipu, nikauvuta kutoka betri mpaka kwenye kile kifaa, gari likawaka. Na sabuni ya mche, tafadhali. Tangi la dizeli likitobolewa na jiwe, ipondeponde na kuikandamiza kwenye ufa. Dizeli haiyeyushi sabuni, na itakufikisha kwa fundi wa kuchomelea.

Sasa, dada yangu wa Moshi. Prado yako, kama ni ile ya 120 yenye injini ya 1KD, haina springi za majani, kwa hiyo senta bolti na yu-bolti zangu huna haja nazo. Injini yake inategemea kompyuta, na hila yangu ya waya haitakusaidia. Inachokiogopa ni dizeli chafu. Jaza mafuta ya kutosha Mto wa Mbu ili usilazimike kununua ya dumu, beba filta mbili za dizeli, na hakikisha mmoja wenu ameshaibadilisha filta kwa mkono wake na kuipampu mpaka hewa ikaisha. Betri ikiwa imechoka, badilisha sasa. Kagua shokapu zote nne kama zinavuja, na mipira ya ekseli za mbele kama imepasuka. Usinunue beringi.

Jumatano jioni, mwambie shemeji asiguse kitu. Wewe na mumeo mtoe vifaa vyote mtakavyobeba, na hivyo tu. Vueni tairi moja kwa jeki ya gari mkiwa kwenye udongo, si kwenye sementi, na ubao chini ya jeki. Mahali pake fungeni lile la spea, maana kama spea inakaa chini ya gari, wengi hugundua njiani kwamba mnyororo wake umeshika kutu. Toeni filta ya dizeli, rudisheni. Jaribuni kila nati mnayodhani mtaigusa, mwandike saizi yake kwenye karatasi ya kukaa ndani ya boksi. Kifaa ambacho hakikugusa kitu chochote jioni hiyo kirudi stoo, isipokuwa kamba ya kuvutia, shekeli na koleo la mchanga.

Ukikuta nati ambayo huna soketi yake, niandikie saizi kabla ya Alhamisi mchana. Ninazo nyingi hapa, nitakutumia kwa basi la jioni, utanirudishia mkitoka Serengeti.