Matundu kwenye majani ya yungiyungi: ni mdudu gani?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Nina kidimbwi cha saruji hapa Kisauni, nimepanda yungiyungi na kufuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Majani yametoboka, na juu yake hutua vidudu vyembamba vinavyong'aa kama shaba. Nilipong'oa shina moja nikakuta vitu vya kahawia, mfano wa mbegu, vimeng'ang'ania mizizi. Ni nini, na nipulize dawa gani?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hizo si mbegu. Ni vifukofuko vya mdudu huyohuyo unayemwona juu ya jani.

Kwa maelezo yako ni mbawakawa wa majani wa kundi la Donaciinae, na kwa huku kwetu ningeanza kumtafuta katika jenasi (kikundi cha spishi za karibu) Donaciasta, inayopatikana Afrika na Madagaska. Mshike mmoja asubuhi, kabla jua halijamchangamsha, umgeuze tumbo juu. Utaona vinyweleo vya rangi ya fedha vilivyosongamana. Ukimtia majini huibuka mkavu. Vipapasio vyake vya kichwani ni virefu. Miguu ikiwa imepanuka mfano wa kasia, huyo ni mbawakawa mwogeleaji, na majani si chakula chake. Na ukikuta vipande vya jani vimekatwa, kiwavi kajificha kati yake, wa kulaumiwa ni nondo.

Jike hutoboa jani, hupenyeza ncha ya tumbo tunduni, kisha hupanga mayai upande wa chini kuzunguka tundu hilo. Lava, yaani mtoto wa mdudu huyu, akianguliwa hushuka mizizini, na hapo ndipo pa kustaajabisha. Ni mweupe, mnene, hana matamvua ya kupumulia majini wala hapandi juu kuvuta pumzi. Mwishoni mwa tumbo ana miiba miwili iliyopinda. Huichoma mzizini hadi kwenye mifereji ambayo yungiyungi hupitishia hewa kutoka majanini, akapumua humo humo. Chakula na pumzi, vyote kwa mwenyeji mmoja! Akitaka kuwa pupa, hatua ya kugeuka mdudu kamili, hujifungia kwenye kifukofuko kisichopitisha maji, kilichogandamana na mzizi na kujaa hewa ya mmea.

Sasa dawa. Usipulize. Lava na pupa wako chini ya maji, hutawafikia. Lakini dawa za jamii ya pareto, hata kidogo tu, huua samaki. Samaki wakifa mbu watajaa, na homa ya dengi Mombasa si habari ngeni. Matundu machache hayaui yungiyungi. Jani lenyewe halikai sana kabla ya kuoza na jingine kuchipua. Pindua majani yaliyotoboka, yenye mayai uyakate uyatupe mbali na maji. Siku ya kugawa mashina, kwangua vifukofuko vyote.

Ukitaka jina kamili la spishi, watie kadhaa kwenye spiriti uwapeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Madume wasikosekane, maana spishi nyingi za kundi hili hutofautishwa kwa viungo vyao vya uzazi.