Kabla hujaandikisha mada ya vipokezi vya harufu

Wadogo zangu mnaoanza uzamili wa bayokemia au famasia, wa Maseno, wa Njoro na wa hapa Kisumu mjini, wengi mnaonijia na mada hii huwa mmeshavutiwa na jambo moja: kwamba vipokezi vya harufu, yaani protini za seli zinazonasa molekuli za harufu, haviko puani tu. Ni kweli. Linda Buck na Richard Axel walipozitambua jeni zake mwaka 1991, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, ilionekana ni habari ya pua. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakakuta jeni za familia hiyohiyo zikiwaka kwenye seli za korodani. Siku hizi zinatajwa kwenye figo, ngozi, tezi dume, hata moyo. Tena vipokezi hivi ni wa ukoo wa vile vinavyoshirikiana na protini G, protini za ndani ya seli zinazopeleka ujumbe wa kipokezi, ukoo unaolengwa na takriban thuluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa. Binadamu ana karibu 400 vinavyofanya kazi, na ni nadra kukuta dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kimojawapo. Mtu akiyaweka hayo pamoja anaona shamba halijalimwa, anakimbilia jembe.

Mimi nitakuuliza kwanza unajuaje kwamba kipokezi chako ndicho kinachofanya kazi unayoiona. Kukuta RNA kidogo, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengenezea protini, kwenye figo hakukuambii kama protini yake ipo, wala kama ipo juu ya utando wa seli, wala kama kuna kitu mwilini kinachoigusa.

Chukua kipokezi kiitwacho OR1D2. Mwaka 2003 ilichapishwa kwamba mbegu za kiume za binadamu zina kipokezi hiki, na kwamba zinaogelea kuelekea bojonali, kemikali ya manukato inayonukia kama maua. Kemikali nyingine, undekanali, ilizuia mwendo huo. Kalisiamu ilipanda ndani ya seli kama ilivyotarajiwa. Ilikuwa habari tamu sana, na mawazo ya uzazi wa mpango na ya tiba ya ugumba yakafuata papo hapo. Mwaka 2012 kundi lingine likaonyesha kwamba bojonali na wenzake hufungua moja kwa moja mkondo wa kalisiamu uitwao CatSper, bila kupitia njia ya kipokezi cha harufu. Kalisiamu iliyoonekana ikipanda ilikuwa ya kweli. Mlango iliyoingilia ndio uliokuwa mwingine. Ukiwa na muda wa kusoma makala machache tu kabla ya kikao na msimamizi wako, soma hayo ya pande zote mbili, na uangalie hasa vipimo vya dozi. Kwenye fani hii kemikali nyingi hujaribiwa kwa mamia ya maikromola. Kwa kiwango hicho molekuli yenye asili ya mafuta inaweza kuvuruga mambo mengi kwenye utando wa seli, na kila moja litakupa grafu inayopendeza.

Kwa hiyo pendekezo lako lisipokuwa na jaribio la kuiondoa jeni, au angalau kuinyamazisha, na kuona kama athari inatoweka, mimi nisingelipitisha. Usitegemee pia kingamwili pekee, zile protini za maabara za kutambulishia kipokezi. Vipokezi hivi vinafanana mno, na kingamwili nyingi zinazouzwa hushika kipokezi jirani.

Mkinibana nichague kimoja, nitachagua OR51E2. Kimejaa kwenye saratani ya tezi dume, na mwaka 2023 umbo lake lilichapishwa kikiwa kimeshika propioneti, asidi ileile ambayo bakteria wa utumbo huitengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula, sukuma wiki na ndengu zikiwamo. Mwenzake wa panya, Olfr78, yuko kwenye figo na anahusika na utoaji wa renini, kimeng'enya cha figo kinachopandisha shinikizo, kwa hiyo na shinikizo la damu. Hapo angalau una umbo halisi la kuanzia, na kazi ya kupachika molekuli kwa kompyuta unaweza kuifanya kwa laptopu ukiwa nyumbani Kondele. Ila usijidanganye kwamba hata hapa mambo yametulia. Utafiti wa 2009 ulisema beta-ayononi, kemikali ya harufu inayokiamsha kipokezi hiki, huzuia seli hizo za saratani kuongezeka. Mwingine wa 2014 ukasema kukiamsha kipokezi hichohicho huzipa seli nguvu ya kuvamia. Anayetaka kutengeneza dawa hapo hajui bado kama atafute kiamshi au kizuizi, na swali hilo lenyewe linatosha kuwa tasnifu.

Kuhusu maabara: vipokezi hivi ni wagumu. Ukiweka jeni kwenye seli za HEK293, seli za binadamu zinazofugwa maabara nyingi, protini hukwama ndani bila kufika kwenye utando. Msaada ulipatikana mwaka 2004 zilipogunduliwa protini za kusindikiza, RTP1 na RTP2. Omba seli zilizokwisha kuwekewa protini hizo. Kabla ya hapo, uliza kama idara yako ina inkubeta ya kaboni dioksidi na jenereta inayowaka yenyewe, maana seli hazingoji stima irudi. Kama hakuna, kaa kwenye kompyuta na hifadhidata za RNA zilizo wazi kwa watu wote, na hutakuwa umepungukiwa.

Halafu kuna suala la mbu, ambalo kwetu huku haliepukiki. Mwanafunzi anasoma vipokezi vya harufu asubuhi, mchana anapita Kisian, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI, na kusikia watu wa malaria wakizungumzia vipokezi vya harufu vya Anopheles, mbu wa malaria, anaviunganisha kwenye sura moja. Tafadhali usifanye hivyo. Vya wadudu si wa ukoo wa protini G. Vimekaa kichwa chini miguu juu kwenye utando ukilinganisha na vyetu, na vinafanya kazi kama mikondo ya ioni kwa kushirikiana na mwenzi mmoja aitwaye Orco. Anayelenga Orco anatafuta cha kumchanganya mbu asimpate mtu. Hatafuti kidonge cha kumeza. Ni utafiti mzuri na una manufaa ya karibu zaidi kwa watu wa kando ya ziwa kuliko kipokezi changu cha tezi dume cha kwenye kompyuta, lakini unahitaji msimamizi wa entomolojia na mbu wa kufugwa, na hayo uyapange kabla fomu ya mada haijapigwa muhuri.