Kupita katikati ya viziwi wawili wanaoongea kwa alama

Ukikuta viziwi wawili wanaongea kwa alama na njia yako inapita katikati yao, pita tu, mkuu. Si utovu wa adabu, mradi upite haraka na usisimame hapo katikati. Ukitaka, toa alama ya samahani bila kupunguza mwendo. Wengi tunaojifunza lugha ya alama hukosea kwa kusubiri, au kuinama na kupunga mikono kuomba njia. Hapo ndipo maongezi yanapokatika, maana macho yote yanahamia kwako. Mimi nasikia, ila nahudhuria mikusanyiko ya viziwi hapa Dodoma tangu nianze kujifunza. Siku ya kwanza niliganda mlangoni na sahani ya chipsi mpaka mzee mmoja akanivuta mkono nipite.

Kumwita mtu, mguse begani au mpungie mkono. Kile kishindo cha mguu unachokiona kwenye video kinafaa sakafu ya mbao; sementi yetu haitikisiki.

Ila ukikutana na mwenzio anayesikia, msipige soga kwa mdomo mbele ya viziwi. Hilo ndilo linaloudhi kweli. Na alama za video za Kimarekani usizitegemee sana, Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha nyingine.